Mkono wa Muasisi Ukutani

Nchi hii ipo, msinibishie. Jina lake silitaji kwa sababu kila anayelitaja anatakiwa asimame wima kwanza, na goti langu la kushoto halitaki tena mambo hayo. Ukitaka kuingia, unavuka mto kwa kupita chini ya daraja. Daraja lilianguka zamani kwenye mafuriko, lakini lilikuwa limezinduliwa na mkubwa, na kwa sheria za huko kitu alichokizindua mkubwa hakianguki. Litaanguka rasmi siku atakapokuja kuufunga ule utepe alioukata. Ndivyo walivyo: kilichofunguliwa kwa kukata utepe hakiondolewi mpaka utepe ufungwe tena, na aufunge mtu wa cheo kilekile au zaidi. Basi watu wanavua viatu, wanakunja suruali, wanapita majini, na wakitokea ng'ambo askari anawauliza, "Mmelionaje daraja letu?"

Mimi nilimjibu ni zuri, lina ubaridi. Akafurahi, akaniruhusu nipite.

Nilipata chumba Mtaa wa Mapokezi, kwa Mzee Kitwana na mkewe, Bi Mashavu. Mzee alikuwa dereva wa greda ujanani. Sasa miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na alishinda kitandani, masikio wazi, ulimi mkali. Bi Mashavu ndiye alikuwa miguu ya nyumba nzima. Alikaanga vitumbua vya kuuza, akafua, akamgeuza mumewe ubavu, akagombana naye, akamgeuza tena. Mimi alinifanya shemeji yake tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nikapata haki ya kula na haki ya kusemwa.

Juu ya kitanda cha Mzee Kitwana, ukutani, ndipo lilipokuwa sanduku la meinswichi. La chuma, jeusi, ukubwa wa kreti ya soda, na mpini wake ubavuni. Kila nyumba ya nchi hiyo inalo kama hilo. Yaliletwa na Muasisi wa Taifa umeme ulipoingia kwa mara ya kwanza. Alipita nyumba kwa nyumba, akakata utepe mbele ya kila sanduku, akausukuma mpini juu kwa mkono wake mwenyewe, taa zikawaka, akina mama wakapiga vigelegele. Ilikuwa kazi nzuri, sisemi vinginevyo. Kisha Muasisi akafa, kama wanavyokufa watu, na walioshika baada yake hawakujua wafanye nini na nchi, wakaamua kuiheshimu tu.

Sanamu zake zote zinamwonyesha ameinua mkono wa kulia. Na mpini wa meinswichi, umeme ukiwepo, unakaa juu vilevile. Walimu wakaanza kuwafundisha watoto kwamba ule mpini ni mkono wa Muasisi. Tangu hapo hakutokea mtu wa kuushusha.

Siku niliyohamia nilimuuliza Bi Mashavu anazimaje umeme akitaka kubadilisha balbu. Alichungulia mlangoni kwanza.

"Shemeji, huku mkono haushushwi."

"Sasa balbu mnabadilishaje?"

"Kwa dua."

Ndani ya masanduku hayo zamani kulikuwa na fyuzi, vile vigae vyeupe vyenye uzi mwembamba wa waya. Umeme ukizidi, uzi unakatika, nyumba inaingia giza na watu wanabaki hai. Sasa ikawa kila fyuzi ikikatika, watu wanasema Muasisi amezirai. Kuzirai kwa Muasisi kukawa aibu ya taifa. Bunge likakaa. Kikaundwa Kikosi cha Kumuenzi, kikazunguka nchi na mifuko ya misumari, kikang'oa fyuzi zote na kuweka msumari mahali pake. Toka siku hiyo hakuna sanduku lililozirai tena, na wizara ikajipa kikombe.

Nyumba zikaanza kuungua. Serikali ikachunguza, ikagundua ni mishumaa. Mishumaa ikapigwa marufuku. Nyumba zikaendelea kuungua, jambo lililoonyesha wazi kwamba kuna watu bado wanaficha mishumaa.

*

Ukuta wa Mzee Kitwana ulikuwa wa moto. Ukiweka kiganja unakitoa haraka. Plasta iliyozunguka sanduku ilikuwa imegeuka rangi ya mkate uliosahauliwa jikoni, na ndani yake kulikuwa na mvumo wa nyuki usiokoma. Feni ikizunguka, taa inafifia. Pasi ikichomekwa, redio inaongea kama mlevi. Waya zenyewe nilizichungulia kwenye ufa: zile za zamani za kuviringishwa kitambaa, na kitambaa kimeoza, kinadondoka unga.

"Baba Siwema, sogea huku basi," Bi Mashavu alikuwa akimwambia mumewe. Siwema ni binti yao, ameolewa mbali. "Ukuta huo utakuchoma."

"Niache. Ndiyo dawa ya mgongo wangu."

"Dawa gani inanuka mpira?"

"Wewe hukuwepo siku ile, Mashavu. Ulikuwa kwenu unacheza kibe. Muasisi alisimama hapo, hapo ulipo na huo ufagio wako, akanishika mkono, akaniambia, Kijana, hongera. Hongera! Mtu kama yule!"

"Na mimi nakushika mkono kila siku. Mbona husimulii watu?"

"Wewe umeshawahi kuniambia hongera?"

Nilijaribu kuwaambia tubadilishane vyumba. Changu kilikuwa upande wa pili, ukuta wake baridi. Mzee Kitwana alinitazama kama nimemwambia abadili dini. Alisema kitanda hicho kiko pale kwa sababu, na mtu aliyefikia hatua ya kupanga chumba uzeeni asimfundishe mwenye nyumba pa kulala. Alikuwa na haki.

Tukamwita fundi umeme wa mtaani. Alifika na bisibisi, akaweka sikio karibu na sanduku, akanusa, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Fundi, vipi?" Bi Mashavu akamuuliza.

"Mama, mimi nina watoto," akasema, na chai hakuinywa.

Hatukujua kama aliogopa moto au polisi. Nadhani hata yeye hakuwa na hakika.

Bi Mashavu alirudi uani kupepeta mchele wake. Alipepeta muda mrefu kuliko mchele ulivyohitaji. "Shemeji," akaniambia bila kuinua macho, "siku ule ukuta ukiwaka, mimi nitakimbia. Wewe utachechemea, utafika. Yeye je?"

Kesho yake akavaa khanga mpya, tukaenda wizarani.

*

Wizara ya Mwanga na Shukrani ina ukumbi mkubwa sana, na meza zote zimebanana upande mmoja, karibu na mlango. Upande wa pili, penye sanduku la wizara, ni patupu. Pamezungushiwa kamba. Nilimuuliza karani mmoja kwa nini hawatandazi meza, wanakaa wamepandiana viwiko. Akasema ni kwa heshima. Nilimwona kila baada ya kitambo anageuka kuutazama ule ukuta, kama mtu aliyefungiwa na mbwa.

Waliotutangulia wote walikuwa na maneno ya aina moja. Mmoja alisema sanduku lake linatoa cheche. Akaelezwa kwamba zile ni fahari. Mwingine alisema mkewe amepigwa na shoti. Akaulizwa mkewe alikuwa anafikiria nini wakati huo. Wote wawili wakapelekwa semina.

Zamu yetu ikafika. Nyuma ya meza alikuwa Bwana Sifuni, Afisa Itifaki, kijana mnene mwenye tai iliyomkaba.

"Mama, una malalamiko gani?"

"Malalamiko? Mimi nimekuja na pongezi," akasema Bi Mashavu.

Bwana Sifuni akakaa vizuri.

"Sanduku letu, mwanangu, limelitumikia taifa tangu Muasisi alipolisimamisha. Halijaumwa. Halijaomba likizo. Halijazirai. Mimi kila nikiliangalia naona haya. Limezeeka, na sisi bado tunalitumikisha tu. Hivi mtumishi wa namna hiyo hatakiwi kupumzishwa kwa heshima?"

Bwana Sifuni alitazama dari. Niliona anavyohangaika. Akikataa, atakuwa amesema sanduku la Muasisi halistahili heshima. Akikubali, litaondoka ukutani.

"Unamaanisha kulistaafisha?"

"Wewe ndiye umesema. Tena umesema vizuri."

"Lakini utepe alikata Muasisi. Nani atathubutu kuufunga?"

"Kwani watumishi wa serikali anawastaafisha nani?"

"Waziri."

"Haya basi."

Uso wa kijana ukaanza kung'aa polepole. Hakuna mtu aliyewahi kustaafisha sanduku. Angekuwa wa kwanza. "Kitaifa," akanong'ona. "Tutaifanya kitaifa."

"Mimi ningeridhika na mtu mmoja tu na koleo," Bi Mashavu akasema.

Hakumsikia. Alikuwa ameshasimama, anaita wenzake.

Njiani kurudi, kwenye kona ya mtaa, Bi Mashavu akanigeukia. "Umeona, shemeji? Nimeomba koleo, nimepewa sherehe."

*

Walikuja na malori. Walipaka chokaa mawe ya barabarani, na nyasi zilizokauka wakazipaka kijani. Wakasimamisha mahema uwanjani mbele ya nyumba, wakajenga jukwaa, wakaleta spika ndefu kuliko paa letu. Ikaja friji ya maji ya Waziri, na friji nyingine ya maji ya kubadilishia yale yakipata joto. Yakaja mafeni ya jukwaani, majiko ya umeme ya kuchemshia chai ya wageni, tao la balbu za rangi lenye maneno AHSANTE SANDUKU, na pasi kwa ajili ya sare za bendi. Bendi ilikuwa imefanya mazoezi ya kupiga wimbo wa taifa kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kwa kuwa itifaki ilitaka siku hiyo kila kitu kiende kinyume na uzinduzi.

Kisha wakaanza kuingiza nyaya dirishani kwetu.

"Nyaya hizi zinakwenda wapi?" Bi Mashavu akauliza.

"Kwenye sanduku, mama," akasema Bwana Sifuni. "Wapi tena?"

"Vyote hivi? Si mna jenereta kwenye lori?"

"Lile ni la kutumia njiani tukirudi. Mama, utaratibu wa serikali ni kwamba mtumishi anafanya kazi mpaka saa ya mwisho ya siku yake ya mwisho. Hatuwezi kumuaga mtu akiwa amekaa bure. Leo taifa litamwona akiwa katika ubora wake."

"Mwanangu, ukuta unatoa moshi."

Bwana Sifuni aliingia chumbani, akautazama moshi, akafumba macho, akauvuta puani kwa adabu. "Ubani," akasema. "Anaaga."

"Basi mtoeni mume wangu humo."

Hilo ndilo lililomshtua. Akasema Mzee Kitwana yumo kwenye ratiba. Ndiye Shahidi Hai. Dirisha lilikuwa limetanuliwa makusudi ili wageni wamwone akiwa palepale aliposhikwa mkono na Muasisi, chini ya sanduku, akitabasamu. Mzee mwenyewe alikuwa amenyolewa ndevu na kuvishwa kanzu na koti. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa kimya kwa furaha.

"Baba Siwema," mkewe alimwinamia, "nakuomba. Utakaa nje kwenye hema, kivulini, utaona kila kitu."

"Nitoke siku hii? Leo ndiyo ananiaga."

"Nani?"

Mzee Kitwana alinyoosha kidole juu, kwenye mpini. Bi Mashavu alimfuta jasho shingoni, akatoka. Nilimwona anapita jikoni, anashika hiki, anaacha, anashika kile. Hakuwa na kazi jikoni. Wageni walikuwa na wapishi wao.

*

Mheshimiwa Dokta Mngurumo, Waziri wa Mwanga na Shukrani, alifika mchana jua likiwa kali, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba amefika mapema. Tukapiga makofi. Bendi ikapiga wimbo wa taifa kinyumenyume, na hakuna aliyetambua tofauti isipokuwa mimi mgeni. Bwana Sifuni alisimama kando ya jukwaa na sinia, juu yake utepe, na mkasi uliogandishwa kwa gundi usiweze kukata.

Waziri akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Sanduku ni nini?"

Makofi.

"Sanduku ni sanduku!"

Makofi marefu. Mama mmoja akazirai, akapepewa kwa ratiba ya sherehe.

"Wapo wenzetu nchi jirani, sitawataja, ambao wameyatoa masanduku yao ya asili wakaweka vidude vya plastiki. Kidude hicho umeme ukizidi kidogo tu, kinajizima. Kinajizima chenyewe! Bila kuagizwa! Mimi nauliza, nchi itajengwaje na umeme mwoga? Umeme wetu hauogopi. Umeme wetu haurudi nyuma. Umeme wetu utakuwa nasi mpaka kufa kwetu!"

Spika zilikuwa zinatetemesha mabati. Mafriji yalikuwa yanaunguruma, majiko yanachemka, mafeni yanampepea Waziri mpaka karatasi zake zinataka kuruka. Zile balbu za AHSANTE SANDUKU zilianza kuwaka na kufifia, kuwaka na kufifia, na watu wakashangilia wakidhani zimetengenezwa hivyo. Moshi ukatokeza chini ya paa. Mwanzo mweupe.

"Ubani huo, ndugu wananchi!" akasema mshereheshaji.

Makofi.

Kisha moshi ukawa mweusi. Makofi yakapungua, kila mtu akimwangalia jirani yake aone kama bado anapiga. Dirishani hatukumwona tena Mzee Kitwana. Bi Mashavu akasimama. Tulikuwa tumekaa safu ya mbele, viti vya wenyeji, na Bwana Sifuni akaja mbio kwa kunyata.

"Mama, keti. Mheshimiwa anazungumza."

"Mume wangu yumo ndani."

"Ndiyo, ni shahidi."

"Shahidi anakohoa."

"Atakohoa baada ya hotuba, mama. Imebaki kidogo, yuko kwenye utangulizi."

Bi Mashavu alimpita. Alikwenda jikoni, akatoka na mwiko wake mkubwa wa kusongea ugali, mti mkavu, akaelekea chumbani. Nami nikamfuata nikichechemea. Bwana Sifuni alituwahi kwa mlango mwingine, akasimama kizingitini ametanua mikono, sinia lake kifuani, utepe unaning'inia.

"Mkono haushushwi kabla ya utepe!"

"Basi ufunge utepe."

"Anayefunga ni Waziri!"

"Mwite."

"Yuko kwenye hotuba!"

Alikuwa analia, kijana yule. Nadhani hata yeye aliona kwamba maneno yake yanazunguka, lakini hakuwa amefundishwa pa kutokea. Bi Mashavu ni mfupi. Aliinama akapita chini ya kwapa lake.

Ndani moshi ulikuwa umeshuka mpaka kifuani. Sanduku lilikuwa jekundu kwenye maungio, na ulimi mdogo wa moto ulikuwa unapanda kwenye boriti, unaingia darini. Mzee Kitwana alikuwa ameziba mdomo kwa mto. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama juu, kwenye mpini. Bi Mashavu alipanda kitandani juu ya miguu ya mumewe, akaulaza mwiko juu ya mpini, akavuta kwa mikono miwili.

Ta.

Nikwambieni, sijawahi kusikia kimya kama kile. Spika zilikufa, mafriji yakakata, mafeni yakapunguza mwendo, yakasimama. Waziri aliendelea kupanua mdomo na kurusha mkono kwa muda, kisha akagundua kwamba hakuna kinachotoka. Na hapo ndipo umati wote ulipoisikia ile dari inavyolia moto, na mtu anavyokohoa.

Hakuna aliyetoa amri. Watu waliinuka tu. Walikuja na michanga kwenye khanga, na maji ya Waziri, yale ya kwanza na yale ya kubadilishia. Wapiga ngoma walizigeuza ngoma zao zikawa ndoo. Mzee Kitwana tulimtoa kwa kiti cha Waziri, maana kilikuwa na mikono mizuri ya kushikia na mwenyewe alikuwa amesimama. Nusu ya paa iliondoka. Ukuta ulibaki, mweusi, na lile sanduku limeachama wazi, msumari wake umeyeyuka ukaning'inia kama kamasi.

Kwa mara ya kwanza nchini humo, mkono ulikuwa chini.

*

Waziri na Bwana Sifuni walijifungia garini kufanya kikao. Tulikaa nje tukisubiri Bi Mashavu akamatwe. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafunga kijifurushi chake, nguo na mswaki, akanionyesha dawa za mzee ziko wapi na zipi za kabla ya kula.

Lakini kikao kilikuwa kigumu. Kumshitaki Bi Mashavu ni kukiri mbele ya taifa kwamba mkono wa Muasisi unaweza kushushwa na muuza vitumbua kwa mwiko. Kutomshitaki ni kuruhusu. Gari lilibaki limefungwa vioo mpaka tukadhani wamelala. Mwishowe likaondoka, na redio ikatoa taarifa kwamba Muasisi, kwa hiari yake mwenyewe na bila kushinikizwa na mtu, ameshusha mkono katika nyumba ya raia mmoja ili kuwasalimia wananchi. Taarifa ikaongeza kwamba wenye masanduku mengine watulie, wasubiri nao mpaka Muasisi atakapoona inafaa.

Bi Mashavu akaomba basi aletewe sanduku jipya. Haiwezekani, wakasema watu wa wizara. Utepe haukufungwa. Kwa hiyo sanduku la zamani bado liko kazini. Kwa sasa limeandikiwa mapumziko ya ugonjwa.

Tukahamishia kitanda cha mzee uani, chini ya mabati yaliyosalia. Alikuwa mzima, kifua tu kikimkwaruza. Lakini hakusema na mkewe. Alimgeuzia uso ukutani, na uani hakukuwa na ukuta, kwa hiyo akawa anaugeuzia mwembe wa jirani na kamba ya nguo. Uji alikunywa. Mgongo alikubali kusuguliwa. Neno, hakuna.

"Afadhali ungenitukana," Bi Mashavu akamwambia. "Nitukane basi. Useme nimemdhalilisha mtu wako."

Kimya.

"Nilikuwa nikuache uungue, ili akushike mkono mara ya pili?"

Bi Mashavu akarudi kwenye kikaango chake. Siku hizo vitumbua vyake vilikuwa vinaungua upande mmoja na wateja hawakusema kitu.

Alasiri moja akaja Mama Chausiku, jirani wa nyumba ya pili. Alisema amekuja kuomba chumvi. Akapewa kiti, akasema hakai, akakaa. Alisema habari za jua, akasema habari za bei ya mkaa, akasema ukuta wa chumba cha watoto wake siku hizi una joto, ila labda ni jua tu. Chumvi ilikuwa imeshawekwa kwenye kikaratasi mbele yake na hakuigusa.

"Bi Mashavu," akasema mwishowe, akiwa ameteremsha sauti, "eti ilikuwa nzito?"

"Nini?"

Mama Chausiku alitazama barabarani. Kisha akainua mkono wake wa kulia juu sana, akauacha kitambo, akaushusha.

Bi Mashavu akafungua mdomo, lakini sauti ikatokea kitandani.

"Wala."

Tuligeuka wote. Mzee Kitwana alikuwa bado ametazama kamba ya nguo.

"Haikuwa nzito hata kidogo," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya kutotumika. "Mimi nilikuwa pale chini yake, naangalia. Ulishuka kama mtu aliyeambiwa karibu, keti. Miaka yote hiyo mkono juu, jamani. Juu tu. Nani asingechoka?"

Bi Mashavu alishusha kikaango chini. Akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda, akamrekebishia shuka ambayo ilikuwa sawa. Mzee hakumtazama, ila alisogea kidogo apate nafasi.

Mama Chausiku aliondoka, chumvi akaiacha. Kwake redio ilikuwa inasoma tena ile taarifa ya hiari ya Muasisi, kwa sauti ya juu, kama redio zote za mtaa. Tukaisikia inafika kwenye "bila kushinikizwa na," ikakatika. Baada ya kitambo ikakatika ya nyumba inayofuata. Kisha ya ng'ambo ya barabara. Tulikaa uani, sisi watatu, tukisikiliza mtaa unavyonyamaza nyumba baada ya nyumba, na hakuna aliyepiga makofi.